Jumba la Haki la Bruxelles: lilijengwa na nani, na nani aliingia ndani

  Leo sitazungumza juu ya barabara wala juu ya bei ya soko. Nitazungumza juu ya nyumba moja. Iko mbali, Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji. Lakini inatajwa mara nyingi katika maneno yetu, na kila mara inatajwa kwa hasira.

Mmekwisha kuyasikia maneno hayo. Watu wameketi kwenye barza, mazungumzo yanafika kwa Mfalme Leopold wa Pili, na mmoja anasema: "Lile jumba la tribinali la Bruxelles, lile lenye nguzo kubwa na kuba juu, lilijengwa kwa mpira wetu na kwa damu ya babu zetu." Wengine wanaitikia kwa kichwa. Hakuna anayeuliza. Mimi mwenyewe nilisema hivyo kwa miaka mingi, tena nilisema kwa sauti kubwa, mpaka siku niliyokaa chini nikahesabu miaka.

Tuhesabu pamoja, polepole. Jiwe la kwanza la jumba hilo, ambalo kwa Kifaransa linaitwa Palais de Justice, liliwekwa tarehe 31 Oktoba 1866. Siku hiyo Leopold wa Pili alikuwa hajamaliza hata mwaka mmoja kwenye kiti cha ufalme. Juu ya mto wetu hakuwa na habari yoyote ya maana. Stanley alifika Boma mwezi wa Agosti 1877, akitoka upande wa mashariki pamoja na watu aliowachukua Zanzibar, na wakati huo jumba lilikuwa linapanda kwa mwaka wa kumi na moja. Mwaka 1879 Stanley akarudi, sasa akiwa mtumishi wa Leopold. Mwaka 1881 kituo cha Léopoldville kikaanza, pale tunapopaita leo Kinshasa. Na tarehe 15 Oktoba 1883 mfalme akalifungua Jumba la Haki, likiwa limekwisha kujengwa.

Endelea kuhesabu. Mkutano wa Berlin ulianza Novemba 1884 ukamalizika Februari 1885. Ile iliyoitwa Nchi Huru ya Kongo, ambayo haikuwa huru kwa mtu yeyote isipokuwa Leopold, ilitangazwa mwaka 1885. Gurudumu la mpira wenye pumzi, lile lililofanya dunia nzima itafute mpira, Dunlop alilipatia hati mwaka 1888. Vikapu vya mpira vijijini, chikoti, mateka wa kike, mikono iliyokatwa: hayo yote yalipamba moto katika miaka ya 1890. Kabla ya hapo Kongo ilikuwa inamla Leopold fedha, haikuwa inamletea.

Basi, mpira wetu haukujenga jumba hilo. Lililipwa kwa franga za serikali ya Ubelgiji, yaani kodi ya Wabelgiji wenyewe.

Najua kuna mtu sasa hivi ameshika kitufe cha redio, anasema: huyu ameanza kuwatetea Wazungu. Ngoja, ndugu yangu, usizime. Sikuja kupunguza deni. Nimekuja kulihesabu vizuri. Bruxelles kuna kazi za mawe ambazo fedha ya Kongo ilizifikia kweli. Lango kubwa lenye matao matatu katika bustani ya Cinquantenaire, lililomalizika mwaka 1905, ni mojawapo. Mbelgiji mmoja, Émile Vandervelde, msoshalisti aliyempinga Leopold bungeni, alisema lango hilo lingefaa kuitwa lango la mikono iliyokatwa. Hakuyasema hayo Mkongomani. Aliyasema mwenye nchi, mbele ya wenye nchi wenzake. Na jumba la makumbusho la Tervuren, lililofunguliwa mwaka 1910, nalo lina mkono wetu. Yote mawili yalichorwa na Mfaransa mmoja, Charles Girault. Hayo ukiyasema, hakuna wa kukujibu.

Lakini ukiyaweka pamoja na lile la 1883, unampa adui wa ukweli silaha. Atachukua kosa lako moja la tarehe, atalinyanyua juu watu walione, na chini ya kosa hilo atazika mikono yote iliyokatwa. Sisi tunaokaa Kivu na Ituri tunaujua mchezo huo. Mtu amechomewa nyumba mbili kweli. Anapofika mbele ya wazee, anasema nne. Upande wa pili unaleta ushahidi kwamba mbili hazikuwahi kuwapo, na jioni watu wanarudi nyumbani wakisema hakuna nyumba iliyochomwa. Nimeona shauri la shamba likiharibika hivyo, na mwenye haki ndiye aliyelia.

Sasa tuiangalie nyumba yenyewe, maana inastahili kuangaliwa.

Mahali ilipojengwa ni ukingo wa mlima, juu ya mji wa chini. Zamani kilima hicho kiliitwa kwa Kiflama Galgenberg, maana yake kilima cha miti ya kunyongea. Huko ndiko wahalifu walikotundikwa, ili mji wote uone. Sijui kama waliochagua mahali walikumbuka jina hilo au walilisahau, lakini ardhi ina kumbukumbu yake.

Ubelgiji ilikuwa nchi changa. Ilipata uhuru mwaka 1830, kwa hiyo siku ya jiwe la kwanza ilikuwa na umri wa miaka 36. Nchi changa ina haraka ya kuonekana. Mwaka 1860 walifungua mashindano, wachoraji wa majengo wa nchi mbalimbali walete kazi zao. Kazi zililetwa, mshindi hakupatikana. Mwishoni waziri wa sheria akaikabidhi kazi kwa Joseph Poelaert, aliyekuwa msanifu wa mji wa Bruxelles. Mtu huyo ndiye aliyechora pia kanisa la Laeken, ambamo Leopold wa Pili mwenyewe amezikwa. Poelaert alichora kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Makadirio ya kwanza yalikuwa ya milioni chache. Hesabu ya mwisho ilifika karibu milioni 45 za franga za wakati ule. Yeye mwenyewe hakuiona siku ya ufunguzi. Alikufa mwezi wa Novemba 1879.

Chukua uwanja wa mpira wa miguu, ule wa kipimo cha kimataifa. Sasa weka viwanja vitatu na nusu pamoja. Hapo umepata ardhi iliyofunikwa na jumba hilo: mita 160 kwa 150 hivi, eneo la mita za mraba 26,000. Ni zaidi ya kanisa la Mtakatifu Petro la Roma. Ndani mna nyua nane za kuingiza mwanga, vyumba vikubwa 27 vya kusikilizia mashauri, na vyumba vingine vidogo 245. Juu ya yote kuna kuba, na ncha yake inapita mita 100 kutoka chini. Popote unapotembea mjini, ukigeuka tu, linakutazama.

Mtindo wake ni ule wa kurudia majengo ya kale ya Wagiriki na Warumi. Ulaya ilipenda sana mtindo huo tangu karne ya 18, hasa kwa nyumba za serikali, mabunge na tribinali. Mtakapoona picha mtautambua kwa nguzo. Wagiriki walikuwa na nguzo za namna tatu. Ya kwanza ni nene, kichwa chake ni kama sahani iliyowekwa juu ya shina, hakina pambo. Ya pili kichwa chake kimejikunja pande mbili kama pembe za kondoo dume. Ya tatu imejaa majani kichwani, kama mnazi uliokatwa fupi. Poelaert alizichukua zote, akazipanga moja juu ya nyingine, akaweka baraza ya nguzo mbele, na juu ya baraza akapandisha etaji juu ya etaji. Wataalamu wanasema Mgiriki safi asingefanya hivyo: Mgiriki alijenga hekalu moja, jepesi, likatosha. Huyu alirundika mahekalu. Kwa hiyo wengine hawataki kuliita jumba hilo la Kigiriki wala la Kirumi, wanaliita mchanganyiko. Mimi nakubaliana nao. Na sisi tuliosikia habari za majumba ya marumaru ya Gbadolite tunaujua ugonjwa wa mjenzi asiyejua mahali pa kusimama.

Mlangoni kuna sanamu nne za watu wa kale: Demosthenes na Lycurgus, Wagiriki, Cicero na Ulpian, Warumi. Wawili walijulikana kwa ulimi wa kusema mbele ya watu, wawili kwa kutunga na kufafanua sheria. Halafu unaingia katika ukumbi mkubwa ulio chini ya kuba. Jina lake kwa Kifaransa ni salle des pas perdus, ukumbi wa hatua zilizopotea. Ni jina la kumbi za namna hiyo katika tribinali nyingi zinazofuata desturi ya Ufaransa: ndipo watu wanapotembea huku na huku wakingoja kuitwa. Kila mmoja wenu aliyewahi kupitisha siku nzima kwenye parke, akingoja dosie yake ambayo karani anasema iko na karani mwingine, anajua hatua hizo zinapotea vipi. Tofauti ni kwamba sisi tunazipoteza uani, juani.

Nataka kusimama hapa kidogo. Kwa nini nyumba ya haki inajengwa hivyo? Wenye kuitetea wanasema: ili mtu aone kwamba sheria ni kubwa kuliko tajiri, kubwa kuliko mfalme. Maneno mazuri. Lakini mwili una akili yake. Mtu akipita chini ya mlango wenye kimo cha miti mitatu, hajisikii kwamba sheria ni kubwa kuliko tajiri. Anajisikia kwamba yeye ni mdogo. Tajiri ameingia na maavoka wawili, anawajua makarani kwa majina, nguzo hazimtishi. Anayetishwa ni mama aliyekuja na karatasi moja iliyokunjwa mara nne.

Barza yetu haina nguzo. Wote wanakaa kwa kimo kimoja, na anayesema anaonekana uso. Sisemi kwamba barza ni safi. Mara ngapi wanawake wameachwa nyuma ya duara, na kijana ameambiwa anyamaze? Nasema tu kwamba umbo la mahali linamwambia mtu jambo kabla mwamuzi hajafungua kinywa.

Na kabla ya kuwatisha wenye mashauri, jumba hilo liliwafukuza watu nyumbani kwao.

Chini ya kilima kuna kartie inayoitwa Marolles. Ni kartie ya watu wa mkono mtupu: washona viatu, wafua nguo, wachuuzi wa vitu vilivyotumika. Kilima kilipochukuliwa, sehemu ya nyumba zao ilibomolewa, na watu wengi wakahamishwa ili jumba lipate nafasi. Hawa ndio waliolipa kwanza gharama ya Palais de Justice. Hawakuwa Wakongomani. Walikuwa maskini wa Bruxelles, na siku zile hakuna aliyewauliza.

Walibakiwa na ulimi. Katika lugha yao ya mtaani neno "architek", yaani msanifu wa majengo, likawa tusi. "Schieven architek", msanifu mpotovu, mtu aliyepinda. Ukimkanyaga mtu wa Marolles mguu, angeweza kukuita hivyo, hata kama wewe ni mwoka mikate. Tena husimuliwa kwamba mchawi mwanamke wa kartie hiyo alimtengenezea Poelaert sanamu na kuichoma sindano, ndiyo maana alikufa kabla ya kazi kumalizika. Nacheka kidogo. Tumeambiwa mara nyingi kwamba uchawi ni jambo letu sisi, kumbe mtu aliyeporwa parsele yake hutafuta msaada popote, Marolles au Maniema.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1969 serikali ikaleta mpango wa kuongeza majengo ya tribinali, na mara hii tena nyumba za Marolles zilikuwa kwenye mstari wa kubomolewa. Lakini wajukuu hawakuwa kama babu. Wakaunda kamati, wakisaidiwa na padri wa mahali hapo, Jacques Van der Biest. Wakabandika maandishi ukutani, wakaita watu wa magazeti, wakakutana na wakubwa. Serikali ikarudi nyuma. Nyumba zikabaki. Kisha watu wakafanya mazishi ya mchezo: wakamzika kwa vicheko mfanyabiashara wa kubomoa pamoja na mkewe, ambaye walimwita Urasimu. Wabelgiji wanakiita kisa hicho vita vya Marolles. Kati ya vita vyote ninavyovisoma kwa ajili ya kipindi hiki, ni vichache vilivyoishia kwa watu kucheka barabarani, na nyumba zao zikiwa bado zimesimama.

Tangu mwaka 2002 kuna lifti ya vioo kutoka Marolles mpaka uwanja ulio mbele ya jumba. Ni bure. Mtu wa chini anapanda juu bila kupanda mlima.

Jumba lenyewe nalo lilipata siku yake ya kuumia. Tarehe 3 Septemba 1944 Wajerumani walikuwa wanakimbia Bruxelles. Siku hiyo hiyo askari wa Uingereza waliingia mjini. Kabla ya kuondoka, Wajerumani walitia moto katika Palais de Justice. Kuba likaungua, likaanguka. Watu wa mji, pamoja na wale wa Marolles waliokuwa wamelitukana jumba hilo kwa miaka 60, wakasimama wakitazama moshi. Baada ya vita kuba likajengwa upya, likazidi lile la kwanza kwa mita mbili na nusu.

Hapa nataka kuwa mwaminifu kwa pande zote. Wakati kuba la pili lilipojengwa, Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji. Wakati wa vita serikali ya Ubelgiji iliyokimbilia London iliishi kwa kiasi kikubwa kwa mali ya Kongo, na Ubelgiji ilitoka vitani na hazina yenye nguvu kuliko jirani zake, shaba ya Katanga ikiwa sababu mojawapo. Kwa hiyo mtu mwenye kutafuta mkono wa Kongo katika jumba hilo asishike nguzo za 1883. Aelekeze macho juu, kwenye kuba. Hapo ana sababu ya kuuliza.

Jambo dogo la kuchekesha, halafu tuendelee. Katika miaka ya 1980 walizungushia jumba viunzi vya chuma, vile mafundi wanavyopanda wakikarabati ukuta. Kazi ikakwama, fedha ikagombaniwa, mawaziri wakaja wakaondoka. Miaka zaidi ya 30 ikapita viunzi vikiwa palepale, mpaka vyenyewe vikapata kutu na kuhitaji kukarabatiwa. Watoto wa Bruxelles walikua, wakaoa, wakazaa, bila kuwahi kuona uso wa jumba hilo bila vyuma. Mkisikia mtu anasema kazi za leta zinachelewa Kongo peke yake, mpeni habari hiyo.

Sasa tuje kwa walioingia ndani, maana hapo ndipo habari inapotugusa.

Mwaka 1993 Ubelgiji ilitunga sheria iliyowapa waamuzi wake ruhusa ya kuhukumu makosa makubwa ya vita hata kama yalitendwa nchi nyingine, na watu wasio Wabelgiji. Sheria hiyo ilipunguzwa nguvu sana mwaka 2003, lakini kabla ya hapo ilifanya kazi. Kuanzia Aprili 2001, katika Palais de Justice, Wanyarwanda wanne walisimama mbele ya tribinali kwa sehemu yao katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi, upande wa Butare. Mmoja alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, mmoja aliwahi kuwa waziri, na wawili walikuwa watawa wa kike. Waliokata neno walikuwa watu 12 wa kawaida, wananchi wa Ubelgiji waliochaguliwa kwa kura ya bahati. Walisikiliza mashahidi kwa majuma mengi. Tarehe 8 Juni 2001 walisema: wote wanne wana hatia. Vifungo vilikuwa kati ya miaka 12 na 20. Watu wa eneo letu, ambao miaka ile waliona wakimbizi wakivuka mpaka kwa maelfu, wenye hatia na wasio na hatia wakiwa wamechanganyika kwenye foleni moja ya maji, wanaelewa jambo lililofanyika pale: waliitwa watu wanne, kwa majina yao manne, wakajibu kwa matendo yao wenyewe. Halikuitwa kabila.

Tena kuna habari ya jino. Patrice Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Mwili wake uliharibiwa kwa asidi ili asiwe na kaburi. Askari polisi Mbelgiji aliyeshiriki kazi hiyo chafu, Gérard Soete, alirudi kwao na jino. Watoto wa Lumumba walikuwa wamekwisha kufungua mashtaka Bruxelles tangu mwaka 2011, na mwaka 2016 jino lilikamatwa na wenye sheria wa Ubelgiji, likawa sehemu ya dosie. Mwaka 2020 binti yake Juliana alimwandikia mfalme wa Ubelgiji barua kuliomba, na mwaka huo huo tribinali ikakubali lirudi. Tarehe 20 Juni 2022 familia ilikabidhiwa kisanduku katika jumba la Egmont, si mbali na Palais de Justice. Likapita Sankuru, Kisangani, Katanga, na tarehe 30 Juni likawekwa Limete, Kinshasa. Baba wa uhuru, na tulichopewa kuzika ni jino.

Na la mwisho ni la akina mama watano. Wakati wa ukoloni, mtoto aliyezaliwa na baba Mzungu na mama Mkongomani alihesabiwa kuwa hatari kwa utaratibu wa rangi. Serikali iliwafuata watoto hao vijijini, ikawatoa kwa mama zao, ikawapeleka kwenye misioni. Akina mama hawa watano walizaliwa miaka ya 1940 kuelekea 1950. Walichukuliwa wakiwa wadogo, hawajafika miaka saba, wakapelekwa Katende, Kasai. Uhuru ulipokuja na vita vikaanza, waliachwa. Wengine walibadilishiwa majina na tarehe za kuzaliwa, hata wakiwa watu wazima hawakuweza kuonyesha karatasi kwamba wao ni nani.

Waziri mkuu wa Ubelgiji aliomba msamaha bungeni mwezi wa Aprili 2019. Akina mama walisikia, lakini msamaha wa mdomo haukuwarudishia kitu. Wakaenda kushtaki serikali. Tarehe 8 Desemba 2021 tribinali ya kwanza ikawakatalia: ilisema matendo hayo, kwa sheria za siku zile, hayakuwa jinai dhidi ya ubinadamu. Walikuwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Wangeweza kurudi nyumbani. Wakakata rufani.

Mahakama ya rufani ya Bruxelles iko ndani ya jumba hilohilo la Poelaert. Tarehe 2 Desemba 2024 ilitoa hukumu. Ilisema kwamba kuwatoa watoto kwa mama zao kwa sababu ya asili yao, kwa mpango wa serikali, ni jinai dhidi ya ubinadamu, na kwamba jinai ya namna hiyo haifutwi na miaka. Serikali ya Ubelgiji ikaamriwa kumlipa kila mmoja euro 50,000. Wao waliomba kiasi hichohicho.

Fikirini mambo yaliyosemwa katika shauri hilo. Maavoka hawakusema kwa jumla kwamba ukoloni ulikuwa mbaya. Walitaja misioni gani, mwaka gani, mtoto wa umri gani, amri ya nani. Akina mama walisimama na majina, tarehe, na barua za watawala zilizookotwa katika hifadhi za karatasi. Upande wa serikali ulitafuta kosa la kushika. Mara ya kwanza ulilipata katika sheria. Mara ya pili haukulipata tena.

Juma lijalo, saa hii hii, tutarudi hapa kwetu: tutazungumza juu ya mipaka ya mashamba na jiwe la mpaka linalohama usiku. Mwenye karatasi ya zamani ya shamba, au mzee anayekumbuka mti uliokuwa alama, atuandikie mapema. Na aandike mwaka, ikiwa anaukumbuka.

Kwaherini.